Ukuta Wenye Tumbo

Nilichukua kijiti cha kupimia cha kazi nyingine, nikakilaza juu ya ubao, na kikakaa. Hapakubaki mwanya hata wa kupitisha unywele. Nilikigeuza, nikakilaza tena, nikainama mpaka shavu langu likagusa ubao ili nione kama kuna mwanga unaopenya kati ya viwili hivyo. Hakuna. Katika useremala wangu nimekosea mara nyingi, na kila kosa lilijitangaza lenyewe: ubao ulipelea, droo ilikwama, mguu wa meza ulicheza. Siku ile nilikosea, na kosa likakaa kwa utulivu kama mtoto mgongoni mwa mama yake.

Kwetu vipimo haviandikwi kwenye karatasi. Ndivyo alivyotufunza baba, aliyetuachia karakana hii. Kila kazi ina kijiti chake, ufito mwembamba wa mbao nyepesi. Anayekwenda kupima huchonga humo alama za urefu, upana na kina. Na kama ukuta wa mteja haukunyooka, huchonga ukingo mmoja wa kijiti ufuate ukuta ulivyo, kila uvimbe na kila mbonyeo, ili mgongo wa kabati uje uulalie bila kuacha nafasi. Kichwa cha kijiti hupakwa rangi, kila kazi rangi yake, kisha hutundikwa msumarini karibu na mlango. Kazi ikishafungwa na mteja akisema ameridhika, yule aliyepima hukivunja kijiti mbele yake. Kijiti kizima maana yake kuna mtu bado anatusubiri.

Aliyepima, siku zote, ni kaka yangu. Tangu baba afariki tuligawana hivyo: yeye ana mdomo, mimi nina mikono. Yeye huingia nyumba za watu, husifia watoto wao, hunywa maji yao, hurudi na kijiti. Mimi hubaki na mbao, maana mbao hazibishi. Mtaani wananiita Msumari, na jina hilo sikulipata kwa sababu ya useremala. Yeye wanamwita Shoto, kwa mkono anaoutumia, na hulitamka huku wakicheka, kwa kuwa naye hucheka.

Mwezi ule tulikuwa na kazi nne kwa mpigo. Nilikuwa kama mtu anayelea watoto wanne wa rika moja: huyu akilala, yule anaamka. Asubuhi napaka gundi fremu ya kabati, naikaza kwa vibano, naiacha ikauke. Inapokauka, nageukia meza, natoboa matundu kwa patasi. Mkono ukiuma kwa patasi, naupumzisha kwa randa, kwenye ubao mzito wa benchi. Ubao ukipata joto la randa, nauacha upoe na kurudi kwenye kabati. Ili mbao za huyu zisiende kwa yule, niliziwekea alama za chaki: msalaba wa kabati, duara la meza, pembetatu ya benchi, mistari miwili ya mlango. Niliweza kufumba macho na kusema kila kipande kiko wapi na kina kiu ya nini. Nilijivunia jambo hilo, na sioni haya kusema.

Kabati lilikuwa la mwenye duka la dawa, refu, lenye milango ya vioo. Meza ilikuwa ya mshonaji. Benchi la kazi lilikuwa la mwalimu wa ufundi. Na mlango ulikuwa wa Mkunga.

Mkunga alikuja siku tatu kabla ya lile kosa langu.

"Hodi hapa!"

Sikuitika. Nilikuwa nakata ulimi wa mguu wa meza, ile ncha inayoingia tunduni, na ulimi ukikatwa nusu kisha ukaachwa, mkono husahau ulikuwa unafuata mstari upi.

"Hodi, jamani! Au mmehama?"

"Karibu," nilisema bila kuinua kichwa.

Aliingia taratibu, akakanyaga maranda kana kwamba anakanyaga matope. Ni mama mnene, mstaafu, aliyezalisha nusu ya mtaa wetu, mimi nikiwemo.

"Naulizia mlango wangu."

"Unakuja."

"Unakuja kutoka wapi? Wiki ya sita hii. Nafunga nyumba kwa kamba, mwanangu, kama nafunga mbuzi." Alisogea karibu. "Wewe nilikungoja saa kumi na nne, ukakataa kutoka, na sikukufokea."

"Mlango si mtoto, mama. Hautoki wenyewe."

"Hata mtoto hatoki mwenyewe, ungejua!"

Kaka, aliyekuwa nje akipanga mbao, alicheka. Kicheko chake kilinichoma. Msumeno ulikuwa umeshatoka nje ya mstari.

"Basi nenda ukauzalishe mwenyewe," nilisema. "Mikono unayo."

Mkunga aliitazama mikono yake, mbele na nyuma, kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Kisha alitoka. Kaka alimfuata mbio, na kupitia dirishani nilimwona akimshika kiwiko, akimsindikiza, akisema maneno yake ya asali hadi kwenye kona.

Aliporudi alikuwa anahema.

"Yule ndiye aliyekukata kitovu," alisema.

"Ndiyo maana kilichelewa kupona."

Hakucheka. Aliketi kwenye benchi lake, lile baba alilomtengenezea alipokomaa, lenye jiriwa, kibano cha kushikia mbao, upande wa kulia kwa ajili ya mkono wake. "Mlango usubiri," alisema baadaye. "Hizi tatu ndizo zenye haraka. Wenyewe wanahamia mwisho wa mwezi."

"Wote watatu wanahamia mwisho wa mwezi?"

"Watu wanapenda mwisho wa mwezi," alisema, akaokota ufagio.

Lazima niseme kuhusu watu hao watatu, maana nilikuwa nimeshawazoea bila kuwaona. Kaka hakuniletea vijiti vitupu. Aliniletea na wenyewe. Mwenye duka la dawa alikuwa mfupi na hakutaka mteja yeyote alijue hilo, kwa hiyo rafu za juu ziwe chini kidogo. Mwalimu wa ufundi alikuwa amepata mwanafunzi wa shoto ambaye walimu wengine walikuwa wakimpiga kwenye vidole, naye alitaka benchi lenye jiriwa upande wa kulia ili mtoto asimame kama watu. Habari hiyo ilinigusa. Nilikumbuka vidole vya kaka vilivyovimba tulipokuwa wadogo, na jinsi alivyovificha chini ya meza ili mama asivione. Nikalitafutia benchi lile ubao mzuri kuliko zote tulizokuwa nazo, wa mvule, uliokaa miaka minne juu ya dari ukijikausha.

Lakini aliyenishika hasa ni mshonaji. "Mama mtu mzima," kaka aliniambia, "ana goti bovu. Halikunjiki vizuri. Droo ziwe juu, asiiname. Hasemi, lakini nilimwona anavyokaa." Nikafanya droo ziwe juu. Kisha, bila kuagizwa na mtu, nikachonga kiegemeo cha mguu chini ya meza, chenye mteremko mdogo, nikakipiga msasa hadi kikawa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Mara mbili nilikaa kwenye kiti na kukaza goti langu moja, nipate kujua mguu wa mama yule ungetaka kulala wapi. Mimi, ninayesemwa kuwa sina huruma na mtu.

Sasa turudi kwenye lile kosa.

Nilikuwa natengeneza mgongo wa kabati. Nilikuwa nimeshauchonga kwa kufuata kijiti chekundu, nikataka kuuhakiki kwa mara ya mwisho. Niliupeleka mkono msumarini bila kutazama na kurudi na kijiti cha bluu, cha meza. Kikakaa. Tumbo la kijiti liliingia kwenye tumbo la ubao. Chini ya tumbo palikuwa na mbonyeo mdogo, kama mtu aliyebonyeza udongo mbichi kwa kidole gumba, na mbonyeo huo nao ukakutana na mwenzake.

Nilikwenda nikaleta kijiti cheupe, cha benchi. Nikavilaza vyote vitatu bega kwa bega. Tumbo lilianza usawa wa goti, likajaa usawa wa paja, likarudi ndani. Mbonyeo wa kidole ulikuwa palepale kwenye vyote vitatu.

Kuta zenye tumbo ni nyingi. Mafundi wa kupiga lipu walevi nao ni wengi. Lakini ukuta una sura yake kama mtu alivyo na sura yake, na ile ilikuwa sura moja. Mwenye duka la dawa, mshonaji na mwalimu wa ufundi walikuwa wanaegemea ukuta mmoja.

Mwanzoni nilijitafutia visingizio. Labda ni jengo moja lenye vyumba vingi. Labda kaka alichoka, akanakili kijiti kimoja kutoka kwa kingine. Kisha macho yangu yakaangukia benchi lake, na jiriwa upande wa kulia, na benchi jipya lililokuwa katikati ya karakana, na jiriwa upande wa kulia. Nilipeleka kijiti cheupe kwenye benchi la zamani, nikakisimamisha pembeni mwake. Kimo kilikuwa kilekile. Kimo ambacho baba alikipima kwa kumsimamisha kaka na kukunja kiwiko chake.

Nilirudisha vijiti misumarini, kila kimoja mahali pake.

Saa sita mama alileta chakula, kama kawaida, tukakaa watatu juu ya mbao. Niliusubiri mkono wa kaka ufike kwenye sahani.

"Hivi mshonaji hajambo goti?"

"Aa, afadhali kidogo," alijibu bila kusita. "Juzi amepata dawa ya kuchua. Lakini ngazi bado zinamsumbua."

"Ana ngazi?"

"Tatu tu. Pale mlangoni." Akacheka. "Nimemwambia nina mdogo wangu ambaye akikuona unachechemea atakutengenezea hata mguu mpya. Akasema niletee huyo kijana nimwozeshe binti yangu."

Nilimtazama usoni. Hapakuwa na kovu lolote la uongo pale. Palikuwa na uso wa kaka yangu, wenye vumbi la mbao kwenye nyusi. Nikageuka kumtazama mama ili angalau nicheke naye. Mama alikuwa ameinuka. Alisema anakwenda kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mbele yake.

Nilisukuma sahani, nikaenda kunawa.

Alasiri nilimsimamisha mwenye mkokoteni, yule anayetuletea mbao na kupeleka kazi zetu, nikamwuliza kijuujuu kama kaka ameshamwelekeza pa kupeleka kabati.

"Si kule kwenye chumba chenu kipya?" alisema. "Nyuma ya kiwanda cha matofali. Nimepeleka rangi wiki iliyopita. Hongereni, bwana! Karakana mbili sasa. Mtaanza kutuita kwa miadi."

"Tutakuita," nilisema. Nilishukuru kwamba jua lilikuwa usoni mwake, asiweze kuniona vizuri.

Nilivichukua vijiti vyote vitatu nikavipitisha chini ya mkono kama mtu anayekwenda kuuza fimbo.

Kiwanda cha matofali kiko mwendo wa nusu saa. Chumba chenyewe kilikuwa cha mwisho kwenye safu, mlango wazi ili rangi ikauke, na hapakuwa na mtu ndani. Mbele yake kulikuwa na ngazi tatu. Nilisimama kwenye ngazi ya kwanza, nikazihesabu mara mbili. Ule uongo alioutengeneza wakati wa kula aliutengeneza kwa mbao za kweli.

Niliingia. Ukuta wa nyuma ulikuwa na tumbo. Niliegemeza kijiti chekundu, kikakaa, cha bluu, kikakaa, cheupe, kikakaa. Chini ya tumbo palikuwa na ule mbonyeo wa kidole, na niliweka kidole gumba changu ndani yake, nikakiacha humo kwa muda.

Kisha nikatazama chini. Sakafuni kaka alikuwa amechora kwa chaki mahali pa kila kitu, kama tunavyochora siku zote kabla ya kupachika. Mstatili wa kabati, ukutani. Mstatili mrefu wa meza, ncha moja ikigusa ukuta huohuo na nyingine ikielekea mlangoni, mahali ambapo mteja anapoingia hukuta meza na nyuma yake mtu anayetabasamu. Na katikati, penye mwanga wa dirisha, mstatili wa benchi, ncha yake nayo ukutani. Nilizunguka chumba kizima. Nilitazama nyuma ya mlango. Nilikuwa natafuta benchi la pili. Chumba kilikuwa na nafasi ya mabenchi mawili na mtu wa kupita katikati, lakini chaki ilikuwa imechora moja.

"Ulijuaje?"

Kaka alikuwa mlangoni, na kopo la rangi kwenye mkono wake wa kushoto.

"Ukuta wako una tumbo," nilisema.

Aliviona vijiti. Aliweka kopo chini polepole.

"Goti ni la nani?" nilimwuliza.

"Goti gani?"

"La mshonaji!" Sauti yangu iligonga kuta tupu na kunirudia. "Nimekaa nimekaza mguu wangu kama mjinga, nikipima goti la mtu. Ni la nani?"

"Si la mtu." Aliangalia pembeni. "Bila goti ungeniambia huna nafasi. Wewe humtengenezei mteja, mdogo wangu. Unamtengenezea yule aliyekuingia moyoni. Nikakuletea wa kukuingia moyoni."

"Na mtoto anayepigwa vidole?"

"Huyo alikuwepo," alisema. "Unamjua."

Ningempiga. Nasema kweli, mkono ulishajikunja. Lakini alikuwa amesimama mlangoni akiwa amelegea, kama mtu ambaye ameshajipiga mwenyewe, na sikutaka kumsaidia.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia mara tatu. Kila mara ulikuwa na randa mkononi, na ulinitazama kana kwamba mimi ni mteja." Alivuta pumzi. "Unajua ninavyoishi? Unamfukuza mtu, mimi natoka mbio kumrudisha. Unamtukana mama wa watu, mimi namsindikiza hadi kwenye kona. Nina miaka sita nakimbia ile barabara. Mbwa wa mtaani wamenizoea. Nataka mahali ambapo mtu akisema hodi, anakaribishwa."

"Mama anajua."

"Anajua."

"Na mwenye mkokoteni. Mtaa mzima."

"Mtaa ulidhani tunapanuka," alisema kwa sauti ndogo. "Nami niliuacha udhani hivyo."

"Ungetafuta fundi mwingine wa kukutengenezea."

"Nani?" Aliinua uso, na kwa mara ya kwanza hasira ilimpanda. "Nani mwingine ninayeweza kumwamini?"

Nimesifiwa mara chache katika maisha yangu. Sifa ile niliibeba njia nzima ya kurudi kama kipande cha mti kilichoingia chini ya kucha.

Siku ya pili nilikuwa karakana kabla ya wote. Kaka hakuja, na alifanya vizuri. Mgongo wa kabati ulikuwa juu ya benchi, umechongwa, unasubiri. Niliwasha moto kichwani mwangu na kuuchochea. Ningeupiga randa ukanyooka, na hakuna ambaye angenilaumu. Kabati lililonyooka ni kabati sahihi, tatizo ni la ukuta. Wateja wa kwanza wa kaka wangeingia na kuona giza la vidole viwili nyuma ya kabati lake jipya, na kila siku ya maisha yake vumbi lingeingia mle. Nilikaza kisu cha randa. Niliiweka randa penye tumbo. Nilisukuma mara moja, na utepe mmoja wa mbao, mwembamba kama ganda la kitunguu, ukajikunja na kuanguka.

Niliutazama. Kisha nilikwenda kukaa kwenye meza ya mshonaji.

Mguu wangu ulipanda wenyewe kwenye kiegemeo. Ulikuwa umetulia pale. Hicho ndicho kilichonishinda: kiegemeo kile kilikuwa kizuri. Hakikujua kwamba aliyechongewa hayupo. Nilikaa nikiwaza juu ya mama yule asiyekuwepo, jinsi nilivyomwonea huruma, jinsi nilivyomtafutia nafuu. Na ghafla nikaiona mikono mingine, mikono minene ya kweli, ikigeuzwa mbele na nyuma katikati ya karakana yangu.

Niliinuka kukitafuta kijiti cha mlango. Kilikuwa msumarini, kichwa chake cha kijani. Wiki sita kilikuwa pale. Nilikishusha kwa mara ya kwanza, nikakipitisha vidoleni kutafuta alama.

Hakikuwa na alama. Hata moja. Kilikuwa ufito mtupu uliopakwa rangi kichwani. Kaka hakuwahi kwenda kupima. Alikitundika ili msumari usionekane mtupu, nami, niliyejisifu kwamba najua kiu ya kila kipande cha mbao humu ndani, niliranda mbao mbili, nikazichora mistari ya chaki, nikaziacha, na sikuwahi kukigusa kijiti chake nione kwamba hakisemi chochote. Nilimwambia Mkunga akauzalishe mlango ambao haujawahi kutungwa mimba.

Nilirudi kwenye kabati. Ule utepe mwembamba niliouondoa ulikuwa sakafuni. Nilikata ufito wa mvule mwembamba uleule, nikaupachika kwa gundi penye tumbo, nikaukaza kwa vibano. Gundi ilipokuwa inakauka nilimaliza droo za meza. Droo zilipokaa nilipiga benchi msasa wa mwisho. Kazi tatu, mikono miwili, kama siku zote. Sikumsamehe. Nilikataa tu mtu yeyote aje aone mwanya nyuma ya kabati lile na kusema hapa ndipo mdogo wake aliposhindwa.

Tulipachika siku ya Jumamosi, sisi wawili. Hakuna kazi inayowalazimisha watu kuelewana kama kubeba kabati refu kwenye ngazi tatu. "Kwako," nilisema. "Nimeshika," alisema. "Shusha." "Polepole." "Sukuma." Kabati liliulalia ukuta, likaupokea na tumbo lake. Kaka alipitisha ukucha kwenye mshono kutoka juu hadi chini, na ukucha haukupata pa kuingia. Alibaki ameinama pale chini, karibu na ule mbonyeo, muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

Meza ilikaa. Benchi lilikaa. Lilipokaa alisimama mbele yake, na viwiko vyake vikafika palepale baba alipovipima.

Vijiti vilikuwa dirishani. Alivifuata kwa mazoea, akavishika kwa mikono miwili ili avivunje.

"Bado," nilisema. "Mteja hajasema ameridhika."

"Mteja..."

"Waite. Mwenye duka la dawa. Mwalimu. Mama mwenye goti. Waite waseme."

Mikono yake ilishuka. Alisimama katikati ya chumba chake kipya, kinachonukia gundi yangu, akiwa amevikumbatia vijiti vitatu vizima.

Ukutani alikuwa ameshatundika timazi ya baba, ile ya shaba ya kupimia wima, yenye uzi uliosokotwa upya mara nyingi. Niliitungua.

"Hii ni ya karakana," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Nilipofika ngazi ya mwisho alinisemesha kutoka ndani. "Utapima wewe?"

Nilizungushia timazi uzi wake, nikashika njia.

Nyumba ya Mkunga iko hatua mia mbili kutoka kwetu, na sikuwahi kufika mlangoni pake. Kilichokuwepo kilikuwa ubao uliooza chini, umefungwa kwa kamba kwenye kulabu. Nilisimama mbele yake na kijiti cha kijani mkononi, nikatafuta pa kugonga pasipovunjika.

"Hodi."

Niligonga fremu.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Mimi. Msumari."

"Msumari gani?" Sauti ilitoka ndani sana. "Wenye kutu?"

"Huohuo."

Nilisikia kandambili zikija bila haraka yoyote. Kamba ilifunguliwa fundo moja, kisha la pili, kisha la tatu. Alikuwa anafunga kweli kama mbuzi. Alinitazama juu hadi chini, akatazama nyuma yangu barabarani.

"Kaka yako yuko wapi?"

"Nimekuja mimi."

Kaka angekuwa ameshasifia maua, ameshaulizia wajukuu. Mimi nilisimama, na ulimi wangu ulikuwa mzito kama ubao mbichi. "Mlango haukupimwa," nilisema hatimaye. "Tangu mwanzo. Sikutazama." Kisha nikasema, kwa shida zaidi, "Na lile neno nililokuambia."

"Neno lipi? Uliniambia mengi."

"Yote basi."

Alisogea kando kunipisha. Nilipanda kwenye kigoda alichokuwa amekiweka kuzuia mlango, nikabana uzi wa timazi kwenye kona ya juu ya fremu kwa kidole. Upande wa chini ulikuwa mbali na mkono wangu. Kazi hii, niligundua pale, haifanywi na mtu mmoja.

"Nishikie hapo chini, mama. Kijiti. Kiegemeze kwenye fremu, usikisogeze."

"Nikikishika hakinichomi?"

"Hakichomi."

Aliinama kwa kuguna, mkono mmoja kwenye kiuno, akakishika kijiti kwa vidole vyake vinene, imara, kama mtu aliyezoea kushika vitu visivyotakiwa kuanguka. Niliiachia timazi. Shaba ilishuka, ikaanza kuyumba kati yetu, kushoto, kulia, kushoto. Sikuweza kuchonga alama yoyote mpaka isimame, naye hakuweza kuachia. Tukaitazama wote wawili, tukangoja itulie.